Rweya Si Pori: Wachoraji wa Marekani na Mgonjwa wa Karagwe (Sehemu ya Pili)

Ukisimama juu ya mwinuko wa Rubafu asubuhi, vijiji vikiwa nyuma yako na Ziwa Victoria mbele, utaona majani matupu mpaka yanapokomea kwenye mawe. Nyumba hakuna. Nilimpandisha huko mgeni wangu kutoka Dar es Salaam, akapiga picha mbili tatu, akasema, "Pori zuri sana hili!" Nikamshika mkono, nikamwonyesha hatua chache tu kutoka tuliposimama: vituta vya njugumawe, udongo wake bado mbichi, na kando yake mzigo wa majani uliokwisha kufungwa, unangoja kichwa cha kuubeba.

Hiyo ndiyo rweya. Ng'ombe hulishwa huko na samadi yao hurudi kibanjani, kwenye shamba la nyumbani. Majani yake hutandazwa chini ya migomba, na zamani yalitandikwa hata sakafuni. Wanawake hulima humo omusiri, vishamba vya muda, kisha huiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa. Anayeipita katika miaka hiyo ya mapumziko huona nyasi tu.

Jicho hilo la mpita njia linanirudisha kwa wachoraji wa Marekani. Katika sehemu ya kwanza tulimwacha mmoja wao, Thomas Cole, kijana wa Lancashire aliyehamia Marekani mwaka 1818, akiwa juu ya mlima Holyoke. Katika picha yake ya 1836, *The Oxbow*, kushoto kuna dhoruba na miti iliyovunjika, kulia mto Connecticut unajikunja katikati ya mashamba yenye jua. Yeye mwenyewe amejichora katikati, mdogo, na vifaa vyake. Naipenda picha hii kwa sababu inakubali kuwa pori na shamba vinapakana, kama rweya na kibanja.

Waliomfuata walivutiwa zaidi na ule upande wa kushoto. Mwaka 1863 Albert Bierstadt, mzaliwa wa Solingen, Ujerumani, alimaliza picha kubwa ya Milima ya Rocky. Theluji, maporomoko ya maji, mwanga unaoshuka kama baraka. Chini kabisa ameweka kambi ya Washoshone, wenyeji wa asili wa nchi ile, lakini jicho la mtazamaji huipita haraka likikimbilia kileleni. Januari 29 mwaka huohuo, kando ya Bear River, askari wa Marekani waliwaua Washoshone kwa mamia. Siwezi tena kuitazama kambi ile bila kuikumbuka tarehe hiyo.

Kisha akaja Thomas Moran. Mwaka 1871 alifuatana na msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden hadi Yellowstone. Michoro yake na picha za mpigapicha William Henry Jackson zilionyeshwa Washington, na Machi 1, 1872 Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani. Bunge la Marekani likainunua picha kubwa ya Moran ya korongo la Yellowstone kwa dola 10,000. Rangi ilisaidia kuiokoa ardhi ile, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini Washoshone waliokuwa wakiishi humo waliondolewa miaka michache baadaye, na ardhi ikafanywa ifanane na wazo la kwamba haikuwa na wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Mguu wa Grant ulioza kwa kidonda, Speke akatangulia Buganda Januari, na Grant akabaki mpaka Aprili 1862, alipoondoka akibebwa kwenye machela. Miezi ile alichora kwa rangi za maji. Ziwa lililo chini ya Bweranyange, makao ya Rumanyika, alilifananisha na Windermere la kwao, na wakaliandika "Windermere Ndogo", kana kwamba lilikuwa likisubiri jina. Hata hivyo mgonjwa hana pa kukimbilia. Alichora kilichokuja mbele ya mlango wake: watu, mavazi, mimea. Ninaamini kidonda kile kilimfanya aone zaidi kuliko wengi waliopita wakiwa wazima. Picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, Edinburgh. Nakala zake zingestahili ukuta mmoja hapa Bukoba, watoto wazione.

Mwaka 2019 mkoa wetu wa Kagera ulipata hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ya mwisho ina jina la mtawala aliyempokea mchoraji yule. Wanaotengeneza mabango na vipeperushi vya kuzitangaza wana kazi ileile ya Moran mikononi mwao, na ningependa waanze kwa kuwauliza wazee wa vijiji vinavyopakana nazo kila kilima kinaitwaje, na nani alikuwa akilisha wapi.

Tulipokuwa tukishuka Rubafu, tulikutana na mama akipanda kuufuata mzigo wake. Mgeni wangu akamwamkia, akamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Mama akakubali, ila akataka kwanza aufikie mzigo.