Mtoto ana usonji, lakini anaumwa nini?

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 6 mwenye usonji, asiyezungumza. Wiki nzima anajipigapiga kichwa, halali, na sahani ya chakula anaisukuma. Nyumbani wanasema, "Ndivyo alivyo." Kumbe sikio linamuuma na hana namna ya kusema.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuponya, lakini mara nyingi huambatana na matatizo mengine ya kiafya, na mengi kati ya hayo yanatibika. Tukiyahesabu kuwa sehemu ya usonji, mtoto anateseka bure.

Kifafa. Huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine, hasa wenye ulemavu wa akili pia. Kinaweza kuanza utotoni au wakati wa kubalehe. Si lazima mtoto aanguke. Wapo wanaoganda ghafla kwa sekunde chache, macho yamekaza. Ukiwaita au kuwagusa, hawashtuki. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu ukamwonyeshe daktari. Akianguka na kutetemeka, mlaze kwa ubavu, usimtie chochote mdomoni, na hali ikizidi dakika 5 mkimbize hospitali.

Tumbo. Kukosa choo ni tatizo la mara kwa mara, hasa kwa wanaochagua sana chakula. Mtoto anayejikunja, anayekandamiza tumbo kwenye ukingo wa meza, au anayechafua nguo ilhali alishazoea kwenda chooni, huenda ana choo kigumu kilichokwama.

Usingizi. Mtoto aliyekesha huamka na hasira na hatulii darasani. Kama anakula vyakula vya aina chache au anakula udongo, muulize daktari kuhusu kupima damu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuvuruga usingizi.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: tabia ikibadilika ghafla, anza na mwili. Akaguliwe masikio, meno, koo na tumbo. Andika ilianza lini, inatokea saa ngapi, baada ya kula au kabla.

Na ukijibiwa "ni usonji tu" kabla mtoto hajaguswa, omba kwa upole apimwe. Asiyeweza kusema "naumwa" anakutegemea wewe umsemee.