Pikipiki inakunywa mafuta Ufipa? Anza na bisibisi

Umenunua pikipiki Dar es Salaam, ikawa inaenda vizuri. Umefika nayo Mwazye, inatoa moshi mweusi, mlima haipandi, mafuta yanaisha chapchap. Kabla fundi hajakuuzia pistoni, fungua plagi. Ikiwa na masizi meusi makavu, huenda tatizo ni hewa.

Gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Uwanda wa Ufipa uko kwenye mita 1,800 hivi, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Kabureta haina habari hiyo. Inamimina mafuta kana kwamba bado iko Kariakoo. (Yenye injekta hujirekebisha yenyewe, wewe endelea na safari.)

Safisha chujio la hewa kwanza, vumbi letu unalijua. Kisha, injini ikiwa ya moto, shika skrubu ndogo ya kabureta. Iko upande wa chujio? Ifungue robo mzunguko. Iko upande wa injini? Ifunge robo. Hapa wengi hukosea! Hiyo hurekebisha mwendo mdogo tu. Kwa mwendo wa kati, pandisha klipu ya sindano ngazi moja: sindano inashuka, mafuta yanapungua.

Ila ukishuka Kasanga, ziwani, karibu mita 770, rudisha ulivyoikuta. Kule hewa ni nzito, mafuta yatakuwa machache, injini itapata moto kupita kiasi na pistoni inaweza kutoboka. Mimi huandika idadi ya mizunguko chini ya siti.