Mega za nyumba: mashini yenyewe njo inazikula

Kashuga, kwenye barabara ya Mweso kwenda Kalembe na Pinga, rezo ya nyumbani mara nyingi inatoka kwenye simu. Papa anatuma franga kutoka shimoni, mama ananunua mega, mtoto anafungua Wi-Fi ya simu ili mashini ipate intaneti na yeye atume karatasi zake za kujiandikisha kwenye chuo kikuu. Kisha dakika chache, simu inasema mega zimekwisha. Nyumba inaanza kugombana: nani aliangalia video? Mara nyingi hakuna mtu aliyeangalia. Mashini yenyewe njo ilikula.

Sababu yake iko wazi. Mashini nyingi tunazonunua zinatembea na Windows, na Windows ilitengenezwa kwa kufikiria nyumba ambamo intaneti inalipwa kwa mwezi, bei moja, utumie kidogo ao mingi. Ikiona Wi-Fi, mara nyingi haijue kama nyuma yake kuko simu yenye mega za kuhesabu. Basi inavuta chinichini kile ekrani inaita «mise à jour», maana yake marekebisho ya programu. Marekebisho ya kila mwezi yanaweza kufika mega mia kadhaa. Yale ya kubadilisha Windows nzima yanaweza kupita giga 3. Na programu zingine kama OneDrive, Teams ao Chrome nazo zinajitafutia mambo yao bila kuuliza. Kwa sisi tunaotegemea panneau ya jua, hiyo kazi ya kujificha inamaliza na batri.

Tuanze na kumjua mwizi. Fungua «Paramètres», ingia «Réseau et Internet», tafuta «Consommation des données». Pale utaona kila programu imekula mega ngapi. Angalia mbele ya kumshitaki mtoto.

Halafu fanya jambo la maana kupita yote. Wakati mashini imeshikana na Wi-Fi ya simu, rudi kwenye «Réseau et Internet», fungua «Propriétés» za ile Wi-Fi, uwashe «Connexion limitée». Hapo umeiambia Windows kwamba mega ni za kulipia. Mise à jour nyingi zitangoja. Chache za lazima sana zinaweza kupita. Kila Wi-Fi inawekewa yake: ukibadilisha simu, rudilia.

Tatu, zima programu zinazoamka pamoja na mashini. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa mara moja. Katika «Gestionnaire des tâches», fungua sehemu ya «Démarrage». Programu usiyoitumia kila siku, bonyeza juu yake kwa kidole cha kuume cha suri, uchague «Désactiver». Haifutike, itafanya kazi siku utakapoifungua wewe mwenyewe. Lakini ile inayolinda mashini na virusi, pamoja na zile za sauti na klavye, uziache. Jina usilolijua, uliza kwanza.

Kuko na vijana wanaojivunia kwamba wanaweza kuua mise à jour kabisa, isirudi tena. Wengine wanakuwekea programu ya «kusafisha» isiyojulikana imetoka wapi. Hapo tunasema hapana. Mchimbaji anajua: mbao za shimo zinakula pesa na zinachelewesha kazi, lakini anayeziondoa anaweza kufukiwa. Mise à jour za usalama njo mbao za mashini.

Mfano uko. Tarehe 14/3/2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kufunga tundu moja ndani ya Windows. Wengi hawakuyaweka. Tarehe 12/5/2017 virusi inayoitwa WannaCry ikaingia kupitia tundu lile lile. Ilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Nchi zaidi ya 150 ziliguswa. Uingereza, hospitali zilirudisha wagonjwa. Ufaransa, Renault ilisimamisha kazi katika viwanda fulani. Kwetu virusi haingoje hata intaneti: inatembea ndani ya flashi tunazopeana za muziki na filme. Na mashini ya nyumba mara nyingi njo imebeba diplome ya mtoto, karatasi za shamba na hesabu za shimo. Familia ambayo imeshakimbia vita mara mbili tatu inaweza kuwa haina nakala ingine.

Kwa hiyo tusizime kwa milele, tuchague saa. Microsoft inatoa marekebisho yake ya usalama siku ya Kunne ya pili ya kila mwezi. Kisha siku hiyo, nyumba ipange mega za kazi hiyo peke yake, panneau ikiwa imeshiba jua. Ondoa «Connexion limitée», acha mashini ivute mpaka mwisho, kisha uirudishe. Kama mtu anashuka Goma kwa safari yake na mashini, aifanye kule kwenye Wi-Fi nzuri. Lakini kubeba mashini kwenye bariere zote za njia kwa sababu ya mise à jour tu, haifai.

Wenye Windows 10 wajue pia kwamba msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14/10/2025, na ule wa Windows 7 tangu 2020. Anayeuziwa mashini ya okazio aulize iko na Windows gani mbele ya kutoa dola. Na yule anayo tayari, aweke nakala za karatasi zake kwenye flashi moja ambayo haitoke nyumbani.