Beji ya Mjerumani: Uliza Kwanza Ilipita Njia Gani

Ukishuka kutoka Kajiado hadi Namanga na kuvuka mpaka, utauona mlima Longido mbele yako. Tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari wa Kihindi, liliupanda usiku ili kuwang'oa Wajerumani. Lilipigana mchana kutwa, maji yakaliishia, likarudi nyuma. Kwa hiyo mtu wa Kimuka, Kitengela au Bissil akija na msalaba mdogo mweusi na kusema ulitoka kwa babu wa babu yake, simhesabu kuwa mzushi. Vita vile vilipigwa mlangoni petu. Lakini kabla hatujafika kwenye bei, lazima tujue ni vita gani hasa.

Msalaba wa Chuma wa vita vya kwanza una herufi W katikati, taji juu yake na mwaka 1914 chini. Wa vita vya pili una swastika katikati na mwaka 1939 chini. Daraja la pili lilining'inizwa kwa utepe. Daraja la kwanza lina pini nyuma, nalo hubandikwa kifuani moja kwa moja.

Msalaba wa asili haukumiminwa kipande kimoja. Kiini chake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikabanwa kati ya nusu mbili za fremu ya fedha zilizolehemewa ukingoni. Sumaku ndogo itakusaidia kukitambua kiini hicho, ingawa haimalizi kesi: waghushi nao wana chuma, na ipo misalaba halali yenye kiini cha shaba. Tafuta kioo cha kukuzia uangalie ukingo. Mstari wa kuunganisha uwe mwembamba na nadhifu, na vitone vya urembo kwenye fremu viwe vikali. Ukiona vishimo vidogo kama vya mkate uliochachuka, au herufi zilizovimba na kulegea, umeshika kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Na pini ikiwa ni miiba miwili mifupi yenye vifuniko vya kubana, kama beji za vyama na mikutano ya leo, hakuna haja ya kuendelea.

Beji ya majeruhi ndiyo inayowasumbua wengi. Ilianzishwa Machi 1918: kofia ya vita juu ya panga mbili zilizopishana, zikizungukwa na taji la majani. Nyeusi ilikuwa ya jeraha moja au mawili, ya fedha matatu au manne, ya dhahabu matano na zaidi. Mwaka 1939 iliongezewa swastika kwenye kofia. Basi watu huona kofia tupu na kufurahi kwamba wamepata ya 1918. Wasichojua ni kwamba mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani zao bila alama ya Kinazi, na beji zikatengenezwa upya. Ukitaka kuzitofautisha, itazame kofia yenyewe. Ya 1918 ina umbo la kizamani, yenye vinundu viwili pembeni. Ya 1957 ni kofia ya vita vya pili, ila swastika haipo. Hiyo ya 1957 ni halali kabisa, lakini haikuvaliwa vitani na bei yake iko chini.

Sasa tuje kwenye njia. Nimesikia mara nyingi kwamba beji ya swastika ililetwa na babu aliyepigana Burma na King's African Rifles. Burma askari wetu walipigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 ikiwafukuza hao. Abisinia walipigana na Waitaliano. Babu aliyetumwa Misri na vikosi vya kazi, hapo sawa, huenda alikutana na vitu vya Wajerumani. Na kwa upande wetu wa Ngong na Suswa kuna uwezekano mwingine unaosahaulika: mateka wa Kiitaliano waliojenga barabara ya Mai Mahiu na lile kanisa dogo la mwaka 1942. Beji yenye shoka lililofungwa ndani ya fimbo ni ya Kiitaliano, hata muuzaji akiapa vipi.

Kuhusu thamani, nitasema wazi. Katika vita vya kwanza ilitolewa misalaba ya daraja la pili ipatayo milioni 5. Ulaya huuzwa kwa makumi ya yuro tu. Daraja la kwanza hupata mara kadhaa ya hapo. Kinachopandisha bei ni hati yenye jina na kikosi, barua, au picha ya mwenyewe. Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa baharini, na meli mbili tu za mizigo, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, ndizo zilizopenya na shehena. Nishani iliyovaliwa huku wakati wa vita ni adimu sana, na kwa sababu hiyo hadithi hughushiwa kuliko chuma chenyewe. Bila karatasi, nunua chuma; usinunue hadithi.

Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia wala kwa jivu. Rangi nyeusi ikitoka hairudi, na nusu ya bei huenda nayo.

Ningependa familia za Kajiado zitazame zaidi medali za Kiingereza zilizomo masandukuni mwao. Ile ya fedha ya vita vya kwanza, yenye kichwa cha Mfalme George V, kwa kawaida imechongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha aliyepewa. Nyingi zimeishia kwa masonara, zikayeyushwa kwa bei ya gramu, na majina ya watu wetu yakaenda nazo. Nyota za vita vya pili, ya Afrika na ya Burma, askari wetu walipewa bila jina, kwa hiyo kitambulisho chake ni kile kitabu cha kuachishwa jeshi. Viweke pamoja. Piga picha ya ukingo ule kwenye mwanga wa ubavuni, andika majina na namba kama zilivyo, na kama mnunuzi anataka kuvitoa nchini, ulizeni kwanza Makumbusho ya Taifa, kwa sababu Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu vitu vya kihistoria vitangazwe kuwa vya kulindwa.