Rekodi Zinazovunjwa Nje ya Uwanja

Alama ya juu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwenye fainali za Drum Corps International, shirikisho la vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta la Marekani, ni 99.65 kati ya 100. Walioipata ni Blue Devils wa Concord, California, Agosti 2014, ndani ya uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis. Zilibaki pointi 0.35 tu kufikia alama kamili.

Msomaji aliyezoea matarumbeta ya harusi yakipita mtaani nyuma ya pikapu itambidi apanue picha hiyo mara nyingi. Hawa ni vijana wapatao 150 na zaidi kwa kikosi kimoja, wengi wao wanafunzi wa sekondari na vyuo, hakuna aliyevuka miaka 22. Wanapuliza shaba na kupiga ngoma huku wakikimbia kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, mistari ikijikunja na kunyooka, bendera zikirushwa juu na kudakwa, kwa dakika 11 au 12 bila kituo. Mwenye tuba anabeba begani zaidi ya kilo 10, na hatua yake lazima iangukie palepale ilipopangwa. Kati ya alama 100, 40 ni za mvuto wa jumla, 30 za muziki na 30 za mwonekano.

Nimefuatilia mashindano haya kwa video kwa miaka mingi, na kila ninapokutana na orodha ya rekodi zake naiona imeandikwa nusu. Alama zimo, vikombe vimo. Dizeli haimo, mayai hayamo, saa za usingizi hazimo, daftari la mhasibu halimo. Ilhali rekodi mbili kubwa kuliko zote za mchezo huu hazikukatishwa na mpinzani yeyote. Moja iliangushwa na hesabu za fedha, nyingine na usalama wa watoto.

Vikombe vingi, tofauti nyembamba

Tuanze na zile zinazojulikana. Blue Devils ndio wenye vikombe vingi kuliko wote: 21, cha kwanza mwaka 1976 na cha 21 mwaka 2023. Tangu 1975 hawajatoka nje ya tano bora. Ushindi mwembamba uliosimuliwa zaidi ni wa 2008 mjini Bloomington, Indiana, ambapo Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, na onyesho lao la Spartacus, walipata 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils. Pointi 0.025 ndiyo iliyotenganisha majira mazima ya joto ya vikosi viwili. Mara tatu hata hicho kiduchu hakikupatikana, mwaka 1996, 1999 na 2000, na kikombe kikawa na wenyewe wawili.

Bingwa wa kwanza kabisa, mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin, alikuwa Anaheim Kingsmen kwa alama 88.10. Hawakushinda tena, na leo hawapo uwanjani. Hilo linanigusa kuliko alama zenyewe. Shirikisho lilianzishwa na vikosi 13, na zaidi ya nusu yake vimekwisha kutoweka kwenye mashindano hayo. Miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na mamia ya vikosi vya vijana, vingi vikilelewa na vyama vya maveterani, parokia, polisi na maskauti. Viongozi wa vikosi walijitenga na vyama vya maveterani kwa sababu walitaka kutunga kanuni zao wenyewe na kulipwa inavyostahili kwa maonyesho yao. Suala la fedha lilikuwa mezani tangu siku ya kwanza.

Pwani yetu iliwahi kuijua homa ya namna hii. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya beni ilipitia Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, makundi kama Marini na Arinoti yakishindana kwa sare, vyeo vya kijeshi na muziki wa bendi, na kila upande ukichanga fedha ili usizidiwe na mwenzake. Aliyewahi kusimuliwa na wazee jinsi watu walivyojifilisi kwa sababu ya ngoma hatashangazwa na yanayofuata.

Mfululizo mrefu uliokatika

Kuanzia fainali ya kwanza ya 1972 hadi ile ya 2022, Santa Clara Vanguard hawakukosa hata mara moja. Mwaka 2020 korona ilifuta msimu, na 2021 vikosi vilionyesha bila kushindanishwa. Lakini kila fainali iliyopigiwa alama, hao wa Santa Clara, California, walikuwamo miongoni mwa kumi na wawili bora. Katika kipindi hicho walibeba ubingwa mara 7. Hadi wakati huo hakuna kikosi kingine kilichokuwa kimefikia mfululizo huo.

Mwaka 2023 hawakuonekana, na aliyewatoa hakuwa mpinzani. Uongozi ulitangaza kwamba hali ya fedha na ya uendeshaji hairuhusu kupeleka kikosi barabarani. Vijana waliokuwa wamejiandaa kwa usaili ilibidi watafute nafasi kwingine. Mwaka 2024 walirudi na wakaingia fainali, jambo la kupongezwa, ila mfululizo ulikuwa umekwisha kukatika.

Kikosi kikubwa kinahitaji zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, na vingine vinazidi hapo mara kadhaa. Zinatoka wapi? Sehemu inatoka kwa vijana wenyewe, maana hapa mchezaji halipwi, analipa. Ada ya msimu katika vikosi vya daraja la juu siku hizi inafika dola 5,000 na kupita, kabla hajanunua viatu wala tiketi ya kwenda kambini. Sehemu inatokana na viingilio, fulana, michango ya waliopita kikosini, na kwa miongo mingi, bingo. Naam, bingo: kumbi ambamo watu wazima hununua kadi na kusubiri namba zao. Huko California ndiyo iliyokuwa nguzo ya Vanguard na Blue Devils kwa miaka mingi. Pato la namna hiyo ni jema mradi watu waendelee kuja, na korona ilipofunga milango, kila aliyeegemea ukumbi alitikisika.

Kipo kikosi kimoja kilichopanda haraka kuliko vyote, nacho kilikuwa na mtu mmoja nyuma yake. Bill Cook, tajiri wa vifaa vya tiba wa Bloomington, alianzisha Star of Indiana. Msimu wao wa kwanza, 1985, waliingia fainali moja kwa moja. 1991 wakawa mabingwa. Baada ya 1993 wakaacha kushindana na kugeukia jukwaa. Onyesho lililozaliwa humo, Blast!, lilipata tuzo ya Tony mwaka 2001. Wapo walionung'unika kwamba ubingwa umenunuliwa. Mimi sioni hivyo: fedha haipulizi tarumbeta. Ila iliwaondolea vijana wale hofu ya kuishiwa dizeli katikati ya safari, na anayejifunza bila hofu hiyo hujifunza haraka.

Kilomita, sahani na usingizi

Vikosi vingi vya daraja la juu huhesabu maili 10,000 kwa msimu mmoja, yaani kilomita 16,000 hivi. Kutoka mashindano ya San Antonio, Texas, hadi yale ya Atlanta, Georgia, ni karibu kilomita 1,600, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza, na safari hiyo hukatwa ndani ya wiki moja, maonyesho mengine yakipachikwa njiani. Msafara ni mabasi matatu au zaidi, lori la ala, lori la mapambo ya uwanjani, na lori la jiko.

Nataka kukaa kidogo kwenye hilo la jiko. Ni tela refu lililowekewa majiko ya gesi, masinki na majokofu, na kufunguliwa dirisha la kugawia chakula ubavuni. Wapishi ni wazazi na wafuasi waliochukua likizo kazini, wengine kwa wiki moja, wengine kwa msimu mzima, bila malipo. Vijana wanakula mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni kabla ya kuvaa sare, na mara ya nne usiku baada ya onyesho. Ukijumlisha wachezaji, walimu, madereva na wahudumu, chukua watu 200. Hizo ni sahani 800 kwa siku, na kwa wiki 10 sahani 56,000. Mayai mawili kwa kila mtu asubuhi moja ni trei 13 na ushee, na aliyeyavunja aliamka wengine wakiwa wamelala. Hakuna jaji anayepita hapo na karatasi. Lakini kijana anayefanya mazoezi juani tangu asubuhi hadi jioni akikosa sahani ya nne leo, kesho mguu wake utachelewa, na huo mguu uliochelewa jaji atauona.

Kisha usingizi. Onyesho linaisha karibu na saa tano usiku. Ngoma zinarudi kwenye masanduku yake, kila tuba kwenye rafu yake, mlango wa tela unafungwa, mabasi yanaondoka. Alfajiri msafara unaingia kwenye shule isiyojulikana, vijana wanashuka na mito kwapani, wanatandaza magodoro ya kujaza upepo kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, taa zinazimwa. Saa za sakafuni huhesabiwa kwa dakika, na kikosi chenye uongozi mzuri hakiamshi watu mapema ati kwa sababu basi lilichelewa.

Hapa sheria inasaidia. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinamruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha saa 10 tu baada ya kupumzika saa 8 mfululizo. Safari ikizidi hapo, lazima awepo dereva wa pili, naye alipwe na apewe pa kulala. Ni gharama kubwa, na ndiyo gharama ambayo kamwe haipaswi kupunguzwa. Mabasi hayo yamebeba watoto wa watu waliolala fofofo.

Hatari nyingine hazina kelele za habari. Jua la Texas mwezi Julai. Dumu la maji la karibu lita nne ambalo kila kijana huenda nalo uwanjani. Radi ikisikika, watu wanaondoka uwanjani, na kanuni inayofuatwa na wataalamu wa michezo ni kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Masikio je? Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Ikifika desibeli 100, muda salama unabaki dakika 15. Mstari wa ngoma unavuka kiwango hicho kwa urahisi, na mazoezi yake ni ya siku nzima. Kizibo cha sikio cha bei ya peremende ndicho kinachomfanya mpiga ngoma wa miaka 19 aendelee kusikia vizuri akiwa na miaka 50.

Rekodi iliyogharimu kuliko zote

The Cadets walianzia parokiani huko Garfield, New Jersey, mwaka 1934. Vikosi vilivyodumu muda mrefu kama wao bila kukatika vilikuwa vya kuhesabika. Walichukua ubingwa wa shirikisho mara 10, mara tatu mfululizo kuanzia 1983 hadi 1985, na maonyesho yao ya miaka hiyo yalibadilisha namna vikosi vyote vinavyotembea uwanjani.

Mwaka 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer lilichapisha madai ya unyanyasaji wa kingono yaliyotolewa na wanawake kadhaa dhidi ya mkurugenzi aliyekiongoza kikosi kwa muda mrefu. Alijiuzulu. Bodi ikabadilishwa, na shirikisho likaanza kudai uchunguzi wa historia za wafanyakazi, mafunzo ya kuwalinda vijana na njia za kutoa taarifa bila woga. Hatua hizo zilikuwa za lazima, na zilichelewa. Kisha ikaja kesi nyingine, ya madai ya unyanyasaji wa miaka ya 1980. Mwaka 2024 shirika lililokiendesha kikosi lilitangaza kufunga shughuli na kufilisika. Miaka 90 ikaishia hapo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wapenzi wengi wa Cadets waliomboleza kikosi, nami nawaelewa, kwani hata mimi niliyapenda maonyesho yao. Lakini tangazo lile linapaswa kusomwa kwanza upande wa watoto waliokabidhiwa kwa watu wazima majira yote ya joto, mbali na nyumbani, wakilala sakafuni kwenye miji wasiyoijua. Kama palikuwa na mahali ambapo ulinzi ulihitajika kuliko usahihi wa hatua, palikuwa hapo.

Subira ndefu kuliko zote

Boston Crusaders nao walianzia parokiani, Hyde Park, mwaka 1940. Walikuwa miongoni mwa vikosi 13 vilivyoanzisha shirikisho, na ilibidi wangoje hadi 1999 ili kuingia fainali kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 walimaliza wa pili. Agosti 2025, Indianapolis, wakatangazwa mabingwa kwa mara ya kwanza. Kijana aliyekuwa na miaka 15 kikosi kilipoundwa angetimiza miaka 100 mwaka huo.