Je, Wajua? Dawa ya Vikope na Watoto wa Kilosa

Je, wajua kwamba bakteria wakivamia ndani ya jicho, vidonge havitoshi, na daktari hulazimika kudunga dawa ndani ya jicho lenyewe? Kuta za mishipa ya damu ya retina zimeshikana mno, hivyo dawa nyingi zinazosafiri na damu hazipenyi vya kutosha. Jicho hutiwa ganzi, kisha hudungwa vankomaisini, miligramu 1 tu katika mililita 0.1 za maji, pamoja na antibiotiki nyingine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa 420, ulionyesha kuwa kuwaongezea dawa za mshipani hakukuwasaidia kuona vizuri zaidi. Kwa hiyo aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho likaanza kuuma na kuona kukafifia, arudi hospitali siku hiyohiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Bakteria wa ugonjwa wa vikope hawafiki huko ndani. Hujificha katika seli za utando wa kope, na maambukizi yakijirudia miaka mingi, makovu huvuta kope zikageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Zamani tiba ilikuwa tyubu ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Mama gani mwenye watoto wanne angeweza kuifuata hadi mwisho? Azithromaisini, iliyogunduliwa Zagreb mwaka 1980, humezwa mara moja na kubaki katika seli kwa siku kadhaa. Vijijini, mtoto hapandishwi kwenye mizani: hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama, na alama ndiyo inayotoa dozi.

Kisha likaja jambo lisilotarajiwa. Mkoani Amhara, Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto waliopewa dawa hii kwa ajili ya macho walikufa wachache zaidi. Je, ingekuwa hivyo kwingine?

Swali hilo lilipelekwa Niger, Malawi na wilaya ya Kilosa, Tanzania. Vijiji vilipigiwa kura: watoto wa miezi 1 hadi 59 wa huku walipewa azithromaisini, wa kule dawa isiyo na kitu, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka 2. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kwa jumla vifo vilipungua kwa asilimia 13.5. Niger peke yake ilifikia 18.1, Kilosa 3.4, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu.

Naiheshimu namba hiyo ya Kilosa sawa na ile ya Niger. Dawa ikigawiwa ovyo huzaa usugu, na Niger dalili zake zilionekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukuruhusu ugawaji kila mahali: ni kwa watoto wa miezi 1 hadi 11, katika maeneo ya Afrika ambako vifo vya watoto bado ni vingi sana.