Treni ikichelewa, mzee mwenye kisukari asikae na njaa

Familia ya Uchindile inayompeleka mzee kliniki Ifakara hutegemea reli ya TAZARA. Kati ya Makambako na Mlimba kuna milima, madaraja na mahandaki mengi. Kichwa cha treni kikiharibika huko, fundi huenda akachelewa kufika.

Hatari ni kwa mzee aliyekwisha kuchoma insulini, kisha akakosa chakula. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho na kuongea ovyo, mpeni haraka soda au maji yenye sukari, halafu chakula. Akipoteza fahamu, msimnyweshe kitu. Mlazeni ubavu na tafuteni msaada.

Dawa zake zisifungwe kwenye begi kubwa. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na chakula cha akiba.